Marion Hollins

Marion Hollins (East Islip, New York, 3 Desemba 1892 – Pacific Grove, California, 27 Agosti 1944) alikuwa mchezaji wa gofu na mwendelezaji wa ardhi kutoka nchini Marekani. Mwaka 1921 alishinda mashindano ya taifa ya gofu ya wanawake wa ridhaa, na mwaka 1932 alikuwa nahodha wa kwanza wa timu ya Marekani katika Kombe la Curtis.

Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa Pasatiempo, makazi yaliyopangwa kuzunguka uwanja wa gofu kwenye vilima vya Santa Cruz, California. Katika mradi huo makorongo, migongo ya vilima, miti na mtazamo wa bahari viliamua mahali pa kuchezea, mahali pa kupitisha barabara na mahali pa kujenga nyumba. Mradi ulisifiwa tangu siku ya kufunguliwa, lakini viwanja vya nyumba havikununuliwa kwa kasi iliyotarajiwa, na Hollins aliupoteza baada ya takriban miaka kumi.

Maisha ya awali

Hollins alizaliwa katika familia tajiri ya kisiwa cha Long Island, jimbo la New York. Baba yake, Harry B. Hollins, alikuwa dalali wa hisa katika jiji la New York na alifanya biashara na matajiri wakubwa wa wakati ule, wakiwemo J. P. Morgan na watu wa familia ya Vanderbilt. Marion alikuwa binti pekee na alikua pamoja na ndugu zake wa kiume wanne katika shamba la familia lililoitwa Meadowfarm.

Shamba hilo lilikuwa na nafasi kubwa ya michezo. Tangu utotoni alipanda farasi, na baadaye alijulikana kwa kuendesha gari la kukokotwa na farasi wanne, kazi iliyohitaji nguvu na ujuzi na ambayo wanawake wachache waliifanya. Alicheza pia polo na tenisi. Aliunga mkono harakati za kudai haki ya wanawake kupiga kura.

Mwaka 1913 kampuni ya baba yake ilifilisika. Tangu hapo Marion hakuweza kutegemea utajiri wa familia peke yake. Marafiki na wafanyabiashara aliowafahamu kupitia familia walibaki, na baadaye wengi wao walichangia fedha katika miradi yake.

Mchezaji wa gofu

Mwaka huohuo wa 1913 Hollins alifika fainali ya mashindano ya taifa ya wanawake wa ridhaa, akashindwa na Mwingereza Gladys Ravenscroft. Alishinda pia ubingwa wa wanawake wa eneo la jiji la New York zaidi ya mara moja.

Ushindi wake mkubwa ulikuja mwaka 1921 katika klabu ya Hollywood iliyoko Deal, New Jersey. Katika fainali alikutana na Alexa Stirling, aliyekuwa ametwaa ubingwa huo mara tatu mfululizo (1916, 1919 na 1920, mashindano hayakufanyika wakati wa vita). Hollins alimshinda kwa tofauti ya mashimo matano huku yakiwa yamebaki manne tu, kwa hiyo mchezo uliishia hapo.

Alikuwa mchezaji mwenye nguvu, na alipiga mpira mbali kuliko wanawake wengi wa wakati wake. Sifa hiyo ilikuja kuwa na maana katika kazi yake ya viwanja.

Klabu ya wanawake ya Long Island

Viwanja vya gofu vya wakati ule vilijengwa kwa ajili ya wanaume. Wanawake waliruhusiwa kucheza kwa siku na saa maalumu, na mara nyingi mahali pao pa kuanzia palisogezwa mbele tu bila kufikiria mpira wao ungeangukia wapi. Kwa sababu hiyo kizuizi, kwa mfano shimo la mchanga, kilichowekwa kumpima mwanamume kiliweza kuwa hakina maana kwa mwanamke, au kikawa hakivukiki kabisa.

Hollins aliamua kujenga uwanja utakaoanza na uwezo wa wanawake. Alikwenda Uingereza kutazama viwanja bora vya huko, akarudi na mawazo na michoro, akakusanya fedha na wanachama. Matokeo yalikuwa klabu ya Women's National Golf and Tennis Club huko Glen Head, Long Island, iliyoanza katika miaka ya mwanzo ya 1920. Msanifu wa uwanja alikuwa Devereux Emmet. Klabu ilimilikiwa na kuendeshwa na wanawake wenyewe, jambo lililokuwa geni kabisa. Katika miaka ya 1940 iliacha kuwa klabu ya wanawake peke yao, na uwanja wake sasa ni wa klabu ya Glen Head.

Kazi hiyo ilimfundisha hatua zote za mradi: kutafuta ardhi, kushawishi wenye fedha, kumsimamia msanifu na kuwapata wanachama kabla nyasi hazijaota.

Pebble Beach

Katika miaka ya mwanzo ya 1920 Hollins alihamia rasi ya Monterey katika jimbo la California. Hapo aliajiriwa na Samuel F. B. Morse, mkuu wa kampuni ya Del Monte Properties iliyomiliki sehemu kubwa ya rasi hiyo. Alikuwa mkurugenzi wa michezo wa kampuni, na pia alisaidia kuuza ardhi. Alianzisha mashindano ya wanawake ya Pebble Beach na kuyashinda mara kadhaa.

Pebble Beach ilikuwa shule muhimu kwake. Kabla ya Morse, ardhi ya ufukweni ilikuwa imepangwa kukatwa vipande vidogo vya nyumba. Morse aliona kwamba nyumba zikisongamana kando ya bahari, wale wa mstari wa mbele tu ndio watakaofaidi mandhari, na ardhi yote ya nyuma itapoteza thamani. Kampuni ikavinunua tena viwanja vichache vilivyokwisha kuuzwa na kuacha sehemu kubwa ya ufuko iwe uwanja wa gofu, uliofunguliwa mwaka 1919. Nyumba ziliwekwa nyuma yake, kwenye msitu na miinuko.

Kwa njia hiyo ardhi iliyokuwa na bei ya juu kuliko zote haikuuzwa, lakini iliongeza bei ya ardhi nyingine. Wazo hilo ndilo msingi wa makazi mengi ya gofu yaliyojengwa baadaye sehemu mbalimbali za dunia.

Cypress Point

Morse alimkabidhi Hollins kazi ya kuanzisha klabu nyingine kwenye ncha ya rasi hiyohiyo, mahali paitwapo Cypress Point. Eneo hilo lina mambo matatu yasiyopatikana pamoja mara nyingi: msitu, vilima vya mchanga mweupe na miamba inayopigwa na mawimbi ya Bahari ya Pasifiki.

Msanifu wa kwanza alikuwa Seth Raynor, lakini alifariki Januari 1926 kabla ya ujenzi. Nafasi yake ilichukuliwa na Alister MacKenzie, daktari Mwingereza aliyeacha tiba na kuwa msanifu wa viwanja vya gofu, akisaidiwa na Robert Hunter. MacKenzie alikuwa amehudumu katika Vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, ambako alitazama jinsi askari wa Makaburu walivyojificha kwa kutumia umbo la ardhi. Tangu hapo alishikilia kwamba kazi ya mikono ya binadamu kwenye uwanja inapaswa kufanana na ardhi yenyewe kiasi kwamba mtu asiweze kuitofautisha.

Simulizi mashuhuri zaidi kuhusu Hollins inahusu shimo la 16 la uwanja huo. Hapo bahari inaingia kati ya mahali pa kuanzia na rasi ndogo ya mawe. Raynor alikuwa amesema ni masikitiko kwamba haiwezekani kuweka shimo la pigo moja hapo, kwa kuwa umbali wa kuvuka maji ni zaidi ya mita 180. Hollins aliweka mpira chini, akaupiga, nao ukavuka na kutua ng'ambo. Mahali ulipotua ndipo griini (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo la kutumbukizia mpira) ilipojengwa. MacKenzie mwenyewe aliandika kwamba sifa ya shimo hilo ni ya Hollins. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1928, na shimo hilo limekuwa mojawapo ya yanayojulikana zaidi duniani.

Mafuta ya Kettleman

Wakati huohuo Hollins aliingia katika biashara ya mafuta. Aliamini kwamba chini ya vilima vikavu vya Kettleman, katika bonde la San Joaquin, kulikuwa na mafuta, ingawa wengi walikuwa wamekata tamaa. Alikusanya wawekezaji, wakiwemo wa Uingereza. Mwaka 1928 mafuta mengi yalipatikana katika vilima hivyo. Haki za kikundi chake ziliuzwa baadaye kwa kampuni kubwa ya mafuta, na fungu la Hollins mwenyewe hutajwa kuwa takriban dola milioni 2.5, fedha nyingi sana kwa wakati ule.

Sehemu kubwa ya fedha hizo aliielekeza kwenye mradi wake mwenyewe, Pasatiempo.

Pasatiempo

Kuchagua ardhi

Hollins aliipata ardhi ya Pasatiempo katika miaka ya mwisho ya 1920. Ilikuwa na ukubwa wa takriban ekari 570 (hektari 230 hivi) juu ya mji wa Santa Cruz, upande wa kaskazini wa ghuba ya Monterey. Jina lake ni neno la Kihispania lenye maana ya burudani ya kupitishia wakati.

Ardhi hiyo ni mteremko unaotazama bahari kutoka mbali. Imekatwa na makorongo marefu yenye kingo za wima, yaliyochimbwa na maji ya mvua za majira ya baridi. Juu ya makorongo kuna migongo ya vilima yenye nyasi na mialoni. Kwa mkulima au mjenzi wa kawaida makorongo hayo yalikuwa hasara: hayalimiki, hayajengeki na yanadai madaraja. Hollins aliyatazama kwa jicho la mchezaji.

Hakutaka klabu tu. Alikusudia mji mdogo wa michezo wenye uwanja wa gofu, njia za farasi, uwanja wa polo, viwanja vya tenisi, bwawa la kuogelea na nyumba za kudumu za familia kutoka San Francisco na miji jirani. Mauzo ya viwanja vya nyumba ndiyo yaliyotarajiwa kulipia vyote.

Kugawa ardhi

Katika makazi ya gofu, uwanja na nyumba hugombea ardhi ileile. Uwanja wa mashimo 18 unahitaji kati ya ekari 120 na 180 hivi. Mpangaji akiyachukua maeneo mazuri yote kwa ajili ya gofu, hatakuwa na cha kuuza. Akiyauza yote, uwanja utabanwa kwenye mabaki, na nyumba zitakuwa zimezunguka kitu kisichovutia. Zaidi ya hayo, kila shimo linahitaji nafasi ya kutosha pembeni ili mipira isiangukie watu na madirisha.

Pasatiempo umbo la ardhi lilisaidia kutatua ugomvi huo. Kwa ujumla ardhi ilipata matumizi yafuatayo:

- makorongo yalibaki wazi, yakawa vizuizi vya mchezo na pia njia ya asili ya maji ya mvua;
- miteremko mipana na ya wastani ilipewa gofu, kwa kuwa mchezaji anaweza kutembea na mpira unaweza kusimama;
- sehemu zilizoinuka kando ya uwanja zilipewa nyumba, ili ziweze kutazama juu ya nyasi hadi baharini;
- barabara zilipindapinda kufuata mlalo wa vilima badala ya kupanda moja kwa moja, hivyo kupunguza uchimbaji na mmomonyoko wa udongo.

Kwa mpango huo, korongo lisilojengeka lilikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Lilimpa mchezaji mtihani, na lilimpa mwenye nyumba hakika kwamba mbele yake hakuna atakayejenga.

Uwanja

Hollins alimpa MacKenzie kazi ya kusanifu uwanja. Shimo la kwanza linaanzia karibu na jengo la klabu na kushuka kuelekea bahari, ili mgeni aione ghuba ya Monterey kabla hajapiga mpira wa kwanza. Mashimo tisa ya mwanzo yanashuka na kurudi mlimani. Katika tisa ya mwisho makorongo yanatawala, na mchezaji analazimika kuyavuka tena na tena.

Shimo la 16 lina griini ya ngazi tatu iliyolindwa na korongo. MacKenzie aliliona kuwa bora kati ya mashimo ya aina yake aliyoyafahamu. Shimo la 18 ni la pigo moja kuvuka korongo, jambo lisilo la kawaida kwa kuwa wasanifu wengi hupenda kumalizia na shimo refu. MacKenzie alikubali kile ambacho ardhi ilitoa hapo, hakujaribu kulijaza korongo.

MacKenzie aliipenda Pasatiempo kiasi cha kujenga nyumba yake kando ya shimo la 6. Aliishi humo hadi alipofariki tarehe 6 Januari 1934. Hivyo aliyeusanifu uwanja alikuwa pia mmoja wa wakazi wake wa kwanza.

Barabara, nyumba na bustani

Kwa mpango wa makazi Hollins alitumia kampuni ya Olmsted Brothers ya Massachusetts. Kampuni hiyo ilitokana na kazi ya Frederick Law Olmsted, mmoja wa wasanifu wa hifadhi ya Central Park mjini New York, na ofisi yake ilikuwa na uzoefu wa makazi yaliyopangwa kwa kufuata ardhi. Ndiyo iliyokuwa imepanga kijiji cha Pinehurst huko North Carolina, mwaka 1895, ambacho baadaye kilikuwa kituo kikuu cha gofu nchini Marekani.

Jengo la klabu lilisanifiwa na Clarence Tantau. Nyumba kadhaa zilisanifiwa na William Wurster, kijana aliyejulikana muda mfupi kabla kwa nyumba ya shamba ya familia ya Gregory huko Scotts Valley, si mbali na Pasatiempo. Nyumba zake zilikuwa za mbao, nyepesi na zisizo na mapambo mengi, zikiwa na nyua na varanda. Hazikushindana na vilima kwa urefu wala kwa rangi.

Kazi ya bustani na ya kuchagua mkao wa nyumba ilimhusu Thomas Church, msanifu mandhari aliyekuwa anaanza kazi yake. Church aliishi Pasatiempo pamoja na mke wake. Kila kiwanja kilitazamwa kivyake: mwaloni upi ubaki, upepo wa baharini unatoka wapi, jua la jioni linaangukia wapi, na dirisha la sebule lielekee upande gani. Baadaye Wurster na Church wote wawili walipata sifa kubwa, na mtindo wa nyumba na bustani za California waliousaidia kuukuza ulienea nchi nzima.

Ufunguzi

Pasatiempo ilifunguliwa tarehe 8 Septemba 1929. Wiki hiyohiyo mashindano ya taifa ya wanaume wa ridhaa yalikuwa yamefanyika Pebble Beach, ng'ambo ya ghuba. Bobby Jones, mchezaji maarufu kuliko wote, alikuwa ametolewa katika raundi ya kwanza na kijana Johnny Goodman. Jones alikubali kucheza katika ufunguzi wa Pasatiempo pamoja na Hollins, Glenna Collett na Mwingereza Cyril Tolley.

Jones alikuwa pia ameucheza uwanja wa Cypress Point. Baadaye alipotaka kujenga uwanja wake mwenyewe huko Augusta, jimbo la Georgia, alimchagua MacKenzie awe msanifu. Viwanja viwili vilivyosimamiwa na Hollins vilichangia uamuzi huo.

Ushiriki wake huko Augusta

Katika matayarisho ya Augusta National, MacKenzie alimtuma Hollins kwenda kuutazama uwanja kwa niaba yake. Aliwaandikia wenye klabu kwamba hamjui mwanamume yeyote mwenye mawazo bora kuliko yake. Kwa mwanamke wa miaka ya 1930 hilo lilikuwa jambo la nadra.

Huko Augusta pia kulikuwa na mpango wa kuuza viwanja vya nyumba kuzunguka gofu. Mpango huo haukufaulu kwa sababu ya hali ya uchumi, na uwanja ukabaki bila makazi. Ni matokeo tofauti kabisa na yale ya Pasatiempo, ambako nyumba zilikuja hatimaye.

Kombe la Curtis

Mwaka 1932 Hollins aliongoza timu ya Marekani katika Kombe la Curtis la kwanza, shindano la wanawake wa ridhaa kati ya Marekani na timu ya Uingereza na Ayalandi. Lilichezwa Wentworth, Uingereza, na Marekani ilishinda kwa pointi 5½ kwa 3½. Yeye alikuwa nahodha asiyecheza.

Wentworth nayo ni makazi ya gofu. Ilianzishwa katika miaka ya 1920 na mjenzi Walter George Tarrant, ambaye aliweka nyumba kubwa kwenye msitu kandokando ya viwanja vilivyosanifiwa na Harry Colt.

Mdororo wa uchumi na madeni

Mwezi Oktoba 1929, wiki chache baada ya ufunguzi wa Pasatiempo, soko la hisa la New York lilianguka. Mdororo Mkuu uliofuata uliwaathiri hasa watu ambao Hollins aliwatarajia kuwa wanunuzi: wenye fedha za ziada waliotaka nyumba ya pili ya mapumziko.

Mradi wa aina hii una udhaifu mmoja mkubwa. Gharama huja mwanzoni, mapato huja mwishoni. Uwanja, mabomba ya maji, barabara na jengo la klabu lazima viwepo kabla mtu hajanunua kiwanja. Baada ya hapo nyasi zinahitaji kumwagiliwa na kukatwa kila siku, viwanja viuzwe au visiuzwe. Katika ukanda huo wa California mvua hunyesha hasa majira ya baridi, na miezi ya kiangazi ni mikavu kabisa, kwa hiyo maji yalikuwa gharama ya kudumu.

Kwa miaka kadhaa fedha za mafuta ya Kettleman ziliziba pengo hilo. Hollins aliendelea kuwakaribisha wageni mashuhuri, kuandaa mashindano na kuboresha huduma, akitumaini kwamba uchumi ungepona. Hakupunguza ukarimu wake, na hakubadili mpango kwa kuivunja ardhi katika viwanja vidogo vya bei rahisi. Fedha zilipungua mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1937 alipata ajali mbaya ya gari, akaumia kichwani. Hakupona vizuri. Wadai walikuwa wakisubiri, na yeye hakuwa tena na nguvu za kutafuta wawekezaji wapya. Mwaka 1940 Pasatiempo iliuzwa na kutoka mikononi mwake.

Miaka ya mwisho

Hollins alirudi rasi ya Monterey, katika eneo la Pebble Beach ambako alikuwa ameanzia maisha yake ya California. Hakuwa tena tajiri. Aliendelea kucheza, na mwaka 1942 alishinda kwa mara nyingine mashindano ya wanawake aliyoyaanzisha mwenyewe. Alifariki tarehe 27 Agosti 1944 akiwa na umri wa miaka 51. Hakuwahi kuolewa na hakuacha watoto.

Pasatiempo baada yake

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia uchumi wa California ulikua haraka, na viwanja vya Pasatiempo vikapata wanunuzi. Nyumba zilijaa kandokando ya uwanja, nyingi zikiwa zimejengwa na watu ambao hawakumfahamu Hollins. Mpango wa barabara na mgawanyo wa msingi wa ardhi ulibaki.

Miti iliyopandwa na iliyoota yenyewe ilikua mirefu. Iliwapa wakazi kivuli na faragha, lakini ilifunga mtazamo wa bahari na kubana njia za mchezo. Baadhi ya mashimo ya mchanga ya MacKenzie yalikuwa yamezibwa au kupoteza umbo. Kuanzia miaka ya 1990 klabu ilifanya ukarabati wa hatua kwa hatua ili kurudisha sura ya mwaka 1929, kwa kutumia picha za zamani. Kazi hiyo iliongozwa na msanifu Tom Doak, na awamu ya baadaye iliongozwa na Jim Urbina. Miti mingi ilikatwa na makorongo yakaonekana tena.

Tatizo la maji halikuisha. Baada ya ukame mkali wa miaka ya 2010 klabu ilijenga mfumo wa kutumia majitaka yaliyosafishwa kutoka mji jirani wa Scotts Valley ili kumwagilia nyasi, badala ya kutegemea maji ya kunywa ya Santa Cruz.

Uwanja uliandaa mashindano ya taifa ya wanawake wa ridhaa mwaka 1986, yaleyale ambayo Hollins aliyashinda mwaka 1921. Hadi leo unapokea wachezaji wasio wanachama wanaolipa ada ya siku.

Umuhimu wake

Kwa muda mrefu jina la Hollins lilitajwa kidogo tu, mara nyingi katika maelezo ya maisha ya MacKenzie. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa historia ya gofu walianza kuonyesha kwamba ndiye aliyechagua ardhi, kupata fedha, kuwateua wasanifu na kuamua mambo makubwa ya mpango. Mwaka 2022 aliingizwa katika Jumba la Umaarufu la Gofu Duniani, takriban miaka 78 baada ya kifo chake.

Katika historia ya mipango ya makazi, Pasatiempo ni mfano wa njia inayoanza na ardhi yenyewe. Makazi mengi ya gofu yaliyojengwa baadaye, hasa kuanzia miaka ya 1960, yalitumia matingatinga kusawazisha vilima na kujaza mabonde ili kupata idadi kubwa zaidi ya viwanja vinavyopakana na nyasi. Hollins na wenzake walifanya kinyume chake: waliacha makorongo yabaki, wakakubali kuwa na viwanja vichache zaidi.

Uamuzi huo haukumlipa yeye. Ila ardhi aliyokataa kuiuza ndiyo inayowapa wakazi wa Pasatiempo mandhari yao hadi leo.